Injini Iliyobeba Kiu ya Ugogo

Chungulia ndani ya birika la nyumba yoyote ya Dodoma inayotumia maji ya visima vya Mzakwe. Utakuta ukoko mweupe, mgumu, umeshika kuanzia chini hadi usawa wa mdomo. Nyumbani kwangu tunaukwangua kwa kijiko kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi unarudi. Ni chokaa na chumvi za ardhini: maji yakishageuka mvuke na kuondoka, zenyewe zinabaki. Sasa lichukue birika hilo, lifanye refu kama nyumba ya vyumba vitatu, lipitishe ndani mabomba mengi ya kusafirisha moto, lichemshe usiku na mchana, kisha ulitake livute mabehewa yaliyojaa kutoka Gulwe hadi Manyoni. Hiyo ndiyo injini ya mvuke katika nchi hii ya kati. Ukoko ule ukizidi, joto halifiki kwenye maji, chuma kinaungua, na safari inaishia porini.

Nimeanzia jikoni kwa sababu mjadala wetu wa kuhifadhi vichwa vya treni vya zamani huanzia mahali pengine kabisa. Huanzia kwenye ukubwa wa chuma, au kwenye picha ya maharusi walioegemea gurudumu. Mimi naona tunabishana kuhusu kitu ambacho hatujakisoma. Kichwa cha mvuke cha Reli ya Kati ni hati kuhusu nchi kavu na maji yake, na mahali pa kuisoma hati hiyo ni Dodoma.

Iko injini moja ninayoifikiria mara nyingi. Inaitwa Nyaturu, namba yake 3020, na inatunzwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971 wakati reli ya nchi zetu tatu ilikuwa bado shirika moja. Ilitengenezwa Glasgow, Uskoti, na kampuni ya North British katikati ya miaka ya 1950, pamoja na ndugu zake 25 wa kundi la 30. Ina magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa ya kusukuma katikati, na manne nyuma. Ukiitazama haraka utadhani ni pacha wa zile za kundi la 29 zilizotoka kiwanda hicho hicho miaka michache kabla yake. Lakini zunguka nyuma. Kile kibebeo cha maji na mafuta kinachofungwa nyuma ya injini, ambacho watu wa reli wanakiita tenda, ni kikubwa kupita kawaida. Kilifanywa hivyo ili injini iweze kuvuka masafa marefu yasiyo na maji. Fundi aliyeichora tenda ile alikaa Glasgow, mji wa mvua, lakini aliyemwamuru vipimo ni ukame.

Ukame huo ulikuwa na majina kabla ya reli. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipopita Mpwapwa iliingia eneo lililoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, nyika ambayo mtu alitembea na kibuyu chake akihesabu kila tone. Magharibi ya Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, kulikuwa na Mgunda Mkali, pori jingine la kiu kuelekea Unyanyembe, upande wa Tabora. Katikati ya nyika hizo mbili walikaa Wagogo na visima vyao, na watemi wao walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, misafara yote iliyopita. Wasafiri wa Kizungu walioandika habari za njia hii wamelalamika sana juu ya hongo ya Ugogo, kana kwamba ilikuwa uporaji mtupu. Sikubaliani nao. Msafara wa watu mia kadhaa ukipiga kambi kisimani kwa siku mbili wakati wa kiangazi, unakunywa maji ambayo kijiji kilikuwa kimeyawekea matumaini ya miezi. Mwenye kisima alikuwa na haki ya kudai. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, na sehemu ya muda huo ilikwenda katika kujadiliana na wenye maji, wenye chakula na wapagazi.

Wajerumani walianza kulaza reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914: kilomita zipatazo 1,250 za reli yenye upana wa mita moja. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann, lakini mikono iliyobeba mataruma ya chuma, ikachimba tuta na kupasua mawe, ilikuwa ya Waafrika, wengi wao Wanyamwezi. Hao ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile ile kwa vizazi. Walijenga kwa mikono yao kitu kilichoifuta kazi ya baba zao.

Na mara tu reli ilipokamilika, ikabeba hata meli. Ile tunayoijua leo kama MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapandishwa treni Dar es Salaam na kwenda kuunganishwa Kigoma, ambako iliingizwa majini Februari 1915. Makasha hayo yote yalipita Dodoma, yakivutwa na injini za mvuke, kwenye nchi isiyo na mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima.

Hapo ndipo inafaa kuelewa injini hizi zilikuwa zinafanya nini na maji. Moto unawaka kwenye tanuri, hewa ya moto inapita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yanachemka, mvuke unabanwa na kusukuma pistoni. Ukishafanya kazi, mvuke huo haurudi. Unapulizwa juu kupitia bomba la moshi, na msukumo wake unavuta hewa mpya kwenye tanuri ili moto uwake zaidi. Ndio ule mlio tunaouiga tukiwachezesha watoto treni. Kila pumzi unayoisikia ni maji yaliyokwenda zake. Treni nzito ikipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Bahi na Saranda kwenda Manyoni inapumua haraka na kwa nguvu, maana yake inakunywa zaidi pale pale penye maji machache. Kwa hiyo ramani ya stesheni za zamani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ramani ya maji: tangi juu ya minara, bomba la kujazia, shimo la majivu, kibanda cha pampu.

Jirani yangu mmoja ni mstaafu wa reli. Alianza kazi kijana mdogo, akiwa mchochea moto. Nilimuuliza siku moja, baada ya kumwamkia, ni kitu gani kilichokuwa kinamtisha zaidi kazini. Nilitegemea aseme simba wa porini, au breki.

“Kioo,” akasema.

“Kioo gani, babu?”

Akaingia ndani, akatoka na kichupa cha dawa ya kikohozi chenye maji nusu, akakiinua usawa wa macho yake. Alinieleza kwamba mbele ya dereva kulikuwa na bomba la kioo lililosimama wima, linaloonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, lile birika kubwa la injini. Paa la tanuri lazima lifunikwe na maji muda wote. Yakishuka, paa linabaki wazi juu ya moto, linalainika, na boila inaweza kupasuka. Kwa tahadhari waliweka pale juu kizibo chenye madini ya risasi ndani yake, ili joto likizidi risasi iyeyuke na mvuke umwagikie moto kuuzima. Akakiinamisha kile kichupa taratibu, maji yakakimbilia upande mmoja. “Ukipanda mlima, maji yanakwenda nyuma. Ukivuka kilele ukaanza kushuka, yanakuja mbele. Kioo kinakudanganya. Mwanangu, mimi mpaka leo siwezi kumwaga maji ya kunawa bila kuangalia yamebaki mangapi.”

Aliniambia pia jambo ambalo sijaliona kwenye maelezo ya jumba lolote la makumbusho: treni iliposimama kujaza maji, akina mama walikuwa wanakuja na vibuyu na madebe kuomba. Wakati mwingine walipewa, wakati mwingine walifukuzwa. Yeye alikuwa anawapa. Yalikuwa maji yenye harufu ya mafuta, anasema, lakini mtoto mwenye kiu hachagui.

Nikiyasikia hayo, naona wazi upungufu wa uhifadhi tuliouzoea, ule wa kukisimamisha kichwa cha treni juu ya kipande cha reli, kukipaka rangi nyeusi na nyekundu, na kuandika mwaka wa kutengenezwa. Injini bila bomba la maji, bila shimo la majivu, bila kile kioo kuelezwa, bila yule mama mwenye debe, imekatwa ulimi.

Wenzetu wamekosea kabla yetu, na makosa yao yanafundisha. Injini ya kwanza kabisa kutembea juu ya reli ikiwa na mzigo ni ile ya Richard Trevithick, huko Wales, Februari 1804. Ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70, na uzito wake ukavunja reli za chuma cha kalibu. Haikubaki. Rocket ya akina Stephenson, iliyoshinda mashindano ya injini huko Rainhill, Uingereza, mwaka 1829, ilibaki, lakini ilipopelekwa makumbusho London mwaka 1862 ilikuwa imeshabadilishwa sana. Hata mitungi yake ya pistoni haikuwa tena kwenye mwinamo ule iliokuwa nao siku ya ushindi. Na Wajerumani hao hao waliotuletea reli waliipoteza injini yao ya kwanza mashuhuri, Adler, iliyoanza kazi Nuremberg mwaka 1835. Waliiuza kama chuma chakavu mwaka 1857. Miaka 78 baadaye, mwaka 1935, wakatengeneza nakala kwa ajili ya sherehe. Nakala hiyo nayo ikaungua kwenye moto wa ghala mwaka 2005, wakalazimika kuijenga upya. Taifa tajiri lenye viwanda, na leo linamwonyesha mtoto wa shule nakala.

Kwetu, mwaka wa hatari ni huu tulionao. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya saa nne, ikifika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Nimeipanda na nimefurahi, na sina hamu ya kurudi kwenye safari za siku nzima. Lakini reli mpya inapochukua abiria, vitu vya reli ya zamani vinaanza kuonekana kama takataka. Tangi la maji linakuwa chuma cha kupimwa kwa kilo. Kibao cha shaba kinakuwa kilo moja na nusu. Mwaka jana nilisimama kwenye mizani ya mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu, nikaona kipimo cha mgandamizo wa mvuke, cha duara, chenye mshale na namba zake bado zinasomeka, kimelala kati ya rejeta na vitasa. Nikauliza bei. Kilikuwa kimeshalipiwa na mtu mwingine kwa ajili ya kuyeyushwa. Nilipiga picha tu.

Sheria haitusaidii sana hapa, na hili linahitaji kusemwa na watu wa Dodoma ambao Bunge liko mlangoni mwao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, miaka 47 baada ya mpaka huo. Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu au mahali pa baadaye kuwa kumbukumbu ya taifa, na hiyo ndiyo njia iliyopo, lakini inahitaji mtu wa kupeleka ombi akiwa na orodha mkononi. Kinachokosa ulinzi wa moja kwa moja ni karne nzima ya mashine: mvuke, mashine za kukamua mafuta, matrekta ya mradi wa karanga wa Kongwa. Mwaka 1863 ulifaa kwa magofu ya Kilwa. Haufai kwa historia ya wafanyakazi.

Wapo wanaoniambia injini hizi ni vyombo vya mkoloni, ziyeyushwe. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Litazame hata lile jina, Nyaturu. Watu wa Singida wanaoitwa hivyo wenyewe hujiita Arimi. Aliyeamua majina ya injini za kundi lile alizigawia majina ya makabila ya Afrika Mashariki kama mtu anayepanga vitabu kabatini. Na kuna jambo chungu zaidi: tawi la kwanza la reli kwenda upande wa Singida, lililotoka Manyoni hadi Kinyangiri miaka ya 1930, liling'olewa muongo uliofuata. Injini ilipopewa jina la Wanyaturu, nchi ya Wanyaturu ilikuwa imekwisha kung'olewa reli yake. Hadithi hiyo utaisimuliaje bila kuwa na kibao chenyewe mbele ya macho? Ukiyeyusha chuma, umemfutia mkoloni ushahidi dhidi yake.

Tena reli hii haikubaki ya mkoloni. Kwenye karakana na stesheni zake wafanyakazi walijifunza kudai haki. Chama chao, kikiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, kiliendesha mgomo mrefu mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Wachochea moto na mafundi wa boila walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika nchi hii kuishi kwa mshahara, saa na sare, na kujua nguvu ya kuacha kazi kwa pamoja. Habari hizo nazo zimo ndani ya kile chumba cha dereva chenye masizi.

Vita vya Kwanza vya Dunia navipitia kwa haraka. Dodoma iliingiwa na majeshi ya upande wa Waingereza mwishoni mwa Julai 1916, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kando ya reli walivunja madaraja na kuharibu injini na mabehewa makusudi. Ndiyo maana kila kifaa cha miaka ile ya mwanzo kinachoonekana leo ni manusura.

Kwa nini basi Dodoma, na siyo Dar es Salaam ambako reli ilianzia? Sababu kubwa ni hewa. Adui wa chuma ni unyevu na chumvi ya bahari. Kichwa cha treni kikiachwa nje pwani, kinaliwa na kutu hata ukikipaka rangi kila mwaka. Dodoma inapata mvua ya milimita kama 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi saba ya jua na upepo mkavu. Marekani huegesha ndege zao za zamani kwenye majangwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukame ule ule uliowatesa wachochea moto, uliolazimisha tenda zikuzwe, uliojaza ukoko kwenye boila, ndio utakaoilinda mashine sasa. Sioni mji mwingine wa reli nchini wenye zawadi hii pamoja na watoto wa shule wanaokuja kwa mabasi kuliona Bunge kila wiki.

Sidai Nyaturu irudishwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na ilichokuwa nacho, na Nairobi imeitunza injini ile vizuri, hata imewahi kuiwasha na kuitembeza. Tunaweza kuomba picha zake, vipimo vya tenda, na siku moja kuazima kibao cha jina kwa maonyesho. Hayo yanatosha kuanzia.

Wala siungi mkono haraka ya kuwasha. Wapenzi wa mvuke duniani wanapenda kuona moshi, nami nawaelewa, lakini injini ikifufuliwa itembee, mabomba yake yanabadilishwa, sahani za tanuri zinabadilishwa, na baada ya marudio kadhaa unabaki na umbo la zamani lenye chuma kipya. Boila yenye mgandamizo bila mkaguzi mzoefu ni bomu. Halafu zile nguo za asbesto, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, zilizofunika boila za zamani zinataka mtu anayejua kuzitoa; kijana wa kibarua akizikwangua kwa mkono tunamuua taratibu. Mimi ningependa fedha ya kwanza iende kwenye paa la mabati, uzio, rangi ya kuzuia kutu, na orodha: kila tangi, kila bomba la kujazia, kila kipimo, kuanzia Kidete hadi Itigi, kipigwe picha na kupewa namba kabla wenye mizani hawajafika.

Fedha ya pili iende kwa wazee, na hawa hawasubiri bajeti. Jirani yangu ana miaka zaidi ya 80. Anajua kuisikiliza pumzi ya injini na kusema kama moto unapata hewa ya kutosha. Anajua maji ya stesheni ipi yalikuwa laini na ya ipi yalikuwa yanatoa povu ndani ya boila. Hakuna mahali popote palipoandikwa hayo.

Juzi nimemwomba tukatembee hadi kwenye reli ya zamani, anionyeshe lilipokuwa shimo la majivu na bomba la maji. Amekubali, kwa sharti kwamba twende asubuhi kabla jua halijawa kali, na nibebe futi ya kupimia na chaki. Anasema bomba lilikuwa hatua 14 kutoka kwenye swichi, lakini zilikuwa hatua za kijana, kwa hiyo nitatembea mimi, yeye atahesabu.